Bega la Bwana Harusi

Tulimzika Twilumba siku ya Jumatano, kwenye manyunyu yale ya Njombe ambayo hayanyeshi wala hayaachi. Baada ya maziko nilikaa sebuleni kwake nimejifunika blanketi mbili, na wajukuu zake wakawa wanapitishiana simu, wakitazama picha walizopiga makaburini. Mmoja akaniletea niione. Mchungaji ameotwa na mkaratusi utosini. Jeneza liko katikati kabisa, limebanwa juu na chini utadhani limetiwa kwenye kiberiti, na kijana wa watu aliyebeba msalaba amekatwa magoti. "Bibi, umeionaje?" Nikamwambia ukweli, kwamba mpigaji alikuwa anatazama wafiwa badala ya kutazama picha. Akacheka, akidhani natania. Mimi nimekula kwa kamera zaidi ya miaka arobaini na sitanii katika mambo hayo. Lakini alipoondoka na simu yake, maneno yangu yalinirudia. Nilikuwa nimeyasema msibani kwa Twilumba, mtu wa mwisho duniani ambaye nilistahili kuyasemea nyumbani kwake, kwa sababu kutazama picha na kuacha kutazama watu ndiko kulikokaribia kumvunjia ndoa yake, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na tisa, Waingereza bado wanatawala, nami nilikuwa naishi Makambako kwa Mjomba Zefania, mpiga picha. Makambako ya wakati ule ilikuwa njia panda tu: malori ya Mbeya, malori ya Njombe na Songea, maduka yasiyofika kumi, na upepo. Mjomba alikuwa amepanga vyumba viwili nyuma ya duka la nguo. Cha mbele kilikuwa na kiti kimoja cha mikono, pazia lililochorwa ngazi na maua, na kamba iliyotoka ukuta hadi ukuta ambayo picha zilibanwa zikauke. Cha nyuma dirisha lake lilizibwa kwa gunia na blanketi, na ndimo tulimosafishia picha kwa taa iliyovikwa kitambaa chekundu. Hatukuruhusiwa kula ndani. Mjomba aliogopa mafuta ya mboga yasiguse vioo, kwa hiyo tulikula barazani tumeipa barabara mgongo, ugali wa ulezi kwa maharage, na kila lori lilipopita niliinama juu ya bakuli kulikinga na vumbi. Kamera yenyewe ilikuwa ya kizamani hata kwa wakati ule, sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, nayo haikutumia filamu za kuzungusha bali vioo, kioo kimoja kwa picha moja. Aliinunua baada ya kurudi vitani Burma, ambako ndiko alikojifunzia kazi.

Wiki ya pili niligundua kwamba haoni vizuri. Alinimiminia chai, akaendelea kumimina kikombe kikiwa kimejaa, na chai ikashuka mezani hadi magotini kwangu naye anaongea tu. Nikapiga kelele. Akaiweka birika chini polepole, kisha akasema, "Lea, mtu asijue." Ukungu ulikuwa umeanza kumwingia macho yote mawili tangu masika. Karibu aliona, akileta kitu puani aliweza hata kusoma. Mbali aliona rangi zinazotembea. Nani atampa kazi mpiga picha wa namna hiyo? Basi tukapanga hila yetu. Mbele ya wateja mimi niliingia kwanza chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera, eti nafuta kioo. Kumbe ndipo nilipopanga kila kitu na kunoa picha, yaani kuirekebisha ionekane wazi, nikitoa kichwa kusema, "Mjomba anataka mama asogee kulia." Nilipomaliza nilikohoa mara moja. Mjomba naye akaingia, akakaa humo kidogo kwa heshima ya kazi, akatoka, akaweka kioo cha dawa na kupiga. Hakuna aliyeshuku. Watu walisema Zefania ana jicho la ajabu.

Kila asubuhi, kabla ya wateja, alinifundisha kusoma picha. Alikuwa na sanduku lililojaa picha za askari wenzake, za kalenda kuukuu, na za magazeti yaliyofungiwa sukari dukani. Alinipa moja, akaniambia niigeuze kichwa chini miguu juu. "Usiniambie ni nani. Niambie jicho lako limeanzia wapi." Mwanzoni nilijibu ovyo ili tukale. Polepole nikaanza kuona. Katika picha ya askari sita jicho langu lilianzia kwenye shati jeupe la mpishi, ingawa mpishi alisimama pembeni na mkubwa wao alikuwa katikati. Weupe ule ulikuwa na nguvu kuliko cheo. Mjomba aliuita mzigo. Alisema picha yenye mzigo upande mmoja inainama kama mtu aliyebeba ndoo moja, na ukitaka isimame utafute kitu cha kuweka upande wa pili, hata kiwe kidogo, mradi kikae mbali kidogo na katikati. Uzio wa mianzi, barabara, mkono ulionyooshwa, hizo aliziita njia, maana jicho huzifuata bila kuulizwa. Uwazi ulio mbele ya uso wa mtu anayetazama kando aliuita pumzi, na alisema ukimbana mtu huyo kwenye ukingo, anayekosa hewa ni yule anayeitazama picha. Ukingo wenyewe aliupitia kwa kidole, pembe zote nne, kwa sababu mpigaji mzembe anajulikana pembeni. Alinikatia kadi kutoka kwenye kasha, akatoboa kidirisha katikati, nami nikawa natembea nayo kutwa, nachungulia mbuzi na malori na akina mama wa sokoni, hadi nikajiona mjanja kuliko Makambako yote. Alinionya juu ya miti na nguzo zinazoota juu ya vichwa vya watu. Juu ya watu wenyewe hakunionya, na sidhani kama yeyote kati yetu alifikiri kuna haja.

Mwezi wa saba, mahindi yameshavunwa, Twilumba akaolewa Njombe. Tulikuwa tumekaa dawati moja shule ya misheni, tumekopeshana kalamu na tumechapwa pamoja, na nilikuwa nimeapa kwamba picha yake itakuwa nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka kwenye lile sanduku. Mumewe aliitwa Enea, karani mrefu mwenye koti jeusi la kuazima. Tulikuwa na vioo vitatu tu, na viwili Mjomba alishavitumia kanisani kwa wazee na kwaya. Kimoja kilibaki kwa maharusi, uani kwa mama yake Twilumba, alasiri jua likiwa limetulia juu ya uzio.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa leo hulichekea. Kwetu wakati ule mwanamume na mama mkwe wake hawakukaribiana. Hawakula pamoja, hawakutazamana machoni, hawakupishana njiani bila mmoja kuingia porini. Kugusana ndiyo hata haikuzungumzwa. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, tena Walutheri tuliishika sawasawa na wasiobatizwa. Kwa hiyo Mama Twilumba, mama mfupi, mpole, ambaye ndiye aliyehangaikia harusi yote ile, hakuingia kwenye picha. Alisimama nyuma, mlangoni pa jiko, hatua sita au saba kutoka kwa maharusi, amejitanda kitambaa cheupe, ametazama kando. Alikuwa mahali pake hasa. Enea naye alikuwa amempa mgongo, kama inavyotakiwa. Hakuna mtu uani pale aliyekosa adabu hata kwa nukta moja.

Nikaingia chini ya kitambaa. Kwenye kioo cha kamera ile watu huonekana kichwa chini, na nilikuwa nimeshazoea kiasi kwamba nilipenda hivyo, kwa kuwa nyuso hazikunisumbua. Niliona weupe wa gauni la Twilumba upande wa kushoto. Niliona weupe wa wasimamizi wadogo waliokaa mbele. Niliona weusi mrefu wa koti, na kando ya koti shimo tupu la giza, picha inainama, inaanguka kabisa. Halafu nikaona pale kwenye giza kitone cheupe kidogo, mbali na katikati, kizuri ajabu. Nikajua nikimsogeza Enea kidogo tu, kile cheupe kitakaa juu ya mstari wa bega lake na jicho litapanda kutoka gauni hadi bega hadi pale juu, kama ngazi. Nikatoa kichwa. "Mjomba anataka bwana harusi asogee hatua mbili. Hapo! Na pale mlangoni msitikisike!" Nilisema "pale mlangoni". Sikusema "mama". Nikakohoa.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa wapi wakati ule. Mama yule alinipikia uji nikiwa shule. Alinisuka nywele. Lakini Mjomba alikuwa amenifundisha kutouliza ni nani, na mwanafunzi hodari huzidisha.

Makambako tulisafisha kioo, tukachapa picha, nikaibana kwenye kamba. Nilishindwa kuondoka mbele yake. Kila kitu kilikuwa mahali pake, mzigo umesawazika, njia inapanda, pumzi ipo, pembe zote nne safi. Mjomba aliileta puani, akaipitia sehemu kwa sehemu, akasema, "Lea, sasa unaweza kazi." Nilikuwa sijawahi kusikia maneno matamu kuliko hayo, nami nikaiacha ile picha ikae kambani ili wateja waione. Hilo lilikuwa kosa la pili. Siku iliyofuata upepo ulikuwa mkali, na mama mmoja aliyekuwa akingoja lori la Njombe akaingia kujikinga. Alikuwa Damari, shangazi yake Enea, dada wa baba yake. Nilimjua, alikuwa ameshasema waziwazi kwenye harusi kwamba mpwa wake angeweza kupata mke kutoka kwa watu wenye ng'ombe.

"Kamwene," akasalimu.

"Kamwene, shangazi. Karibu. Maharusi wako hao."

Akatazama. Nikangoja sifa. Akasogea karibu, akaweka kiganja mdomoni. "Yuva! Mama wee!" akasema taratibu, kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba. "Huyu si mkwe wake?"

"Yupi, shangazi?"

"Huyu aliyemlalia begani."

Ndipo nilipoiona ile picha kwa mara ya kwanza. Sina namna nyingine ya kusema. Ngazi yangu ikapotea, mizigo na njia vikapotea, na nikamwona Mama Twilumba ameweka shavu lake juu ya bega la Enea. Miguu yake ilifichwa na gauni na watoto waliokaa. Mkono wake aliokuwa ameuinua kushika kitambaa ulionekana umeshika koti la mkwewe. Alikuwa mfupi, basi wala udogo wake haukushangaza mtu. Enea alikuwa anatabasamu. Nilikimbilia kuibandua picha, lakini lori lilikuwa limeshapiga honi na Damari alikuwa ameshatoka, khanga yake inapepea, anakimbia kama msichana.

Habari ikafika Njombe kabla ya jua kuzama. Siku ya tatu dereva akatuletea ujumbe barazani tukiwa tunakula. Twilumba amerudishwa kwa mama yake. Ukoo wa Enea umesema nyumba ambayo mama anamwegemea mkwe si nyumba ya kuoa. Wazee watakaa Jumamosi, na Zefania anatakiwa aje na hicho kioo. Mjomba aliendelea kutafuna. "Walifungwa kanisani," nikasema, "hawawezi kumwacha." Akanijibu kwamba ukoo ukimkataa mke, cheti cha kanisa hakimpi pa kuwasha moto. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama chumvi imekolea, "Ulimwona mama yule kwenye kioo?" Nikasema niliona weupe. Akasukuma bakuli.

Tulipanda lori la mbao, mimi nimekipakata kioo kwenye kisanduku chake, nimekizungushia khanga mbili. Kila shimo la barabara nilikiinua juu kisigonge. Nilikuwa na picha tatu tulizochapa na nilikuwa na ile kadi yangu yenye kidirisha, niliyoichukua bila kujua kwa nini. Tulipofika walinipeleka jikoni wakati wazee wakikusanyika. Twilumba alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya viazi. Hakunisalimu. Alimenya kiazi hadi kikabaki kama jiwe la manati, akachukua kingine. Kupitia ukuta wa miti nilisikia akina mama wawili wakichota maji nje. "Mama mwenyewe hajala tangu Jumatano." "Atakulaje? Na aibu ile?" "Lakini kwa nini alikwenda kumwegemea?" "Mjane, dada. Upweke." Twilumba alisikia kama nilivyosikia mimi. Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Lea," akasema, "mama yangu anasema hakumgusa, na watu wanasema picha haiongopi. Wewe unajua. Kawaambie."

Sebuleni walikaa wazee sita, Mjomba, na Enea karibu na mlango, uso wake umekuwa wa kijivu. Mama Twilumba alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, kwa sababu hata siku hiyo asingeweza kukaa chumba kimoja na mkwewe. Aliyeongoza alikuwa Mzee Yeremia, mzee wa kanisa, mtu aliyeaminiwa na pande zote mbili. Picha ilizunguka mikononi mwao. Kila aliyeipokea aliitazama, akaitazama tena, akampa mwenzake. Damari alisimama karibu na dirisha. "Mimi sikusikia kwa watu," akasema. "Niliona kwa macho yangu."

"Zefania," akasema Mzee Yeremia, "wewe ndiye uliyetazama ndani ya mashine. Mama huyu alikuwa wapi?"

Mjomba akafungua mdomo. Nilijua angesema alimwona mbali, mlangoni pa jiko. Angesema uongo ili kuniokoa mimi na kazi yake, na wangemuuliza kwa nini basi alipiga, na asingekuwa na jibu. Nikasimama. Msichana hakusimama mbele ya wazee bila kuitwa. "Baba zangu, nisameheni. Niliyetazama ni mimi."

"Anamkingia mjomba wake," akasema Damari.

"Hanikingii," akasema Mjomba. Alikuwa amekunja mikono magotini kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Mzee Yeremia, hapo ulipo mimi naona koti, sioni uso. Ni tangu masika. Kila picha mliyoisifu mwaka huu aliipanga huyu." Mmoja wa wazee aliguna. Nilitamani ardhi inimeze, siyo kwa ajili yangu, ila kwa jinsi alivyosema "sioni uso", kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuusikia kwake. Kazi yake ilikwisha pale pale. Hadi anafariki hakuna mtu aliyemwita tena kupiga harusi, na hakunilaumu hata siku moja, jambo ambalo ningependa angelifanya japo mara moja nikapumua.

"Basi wewe," Mzee Yeremia akaniambia, "sema. Na useme tuelewe."

Nilianza na picha. Nikawaonyesha kiganja cha mama na kiganja cha Enea, nikawaomba wapime kwa vidole. Kiganja cha mama kilikuwa kidogo kuliko cha mtoto aliyekaa mbele. Hakuna mtu mzima mwenye kiganja hicho. Nikawaonyesha kwamba vifungo vya koti vinahesabika ila uso wa mama umefifia, kama kitu kilichoonwa kwa macho ya usingizi, maana nilinoa picha kwa maharusi na yeye alikuwa nyuma. Nikawaonyesha kivuli cha Enea kilichopita chini na kuishia kwenye mchanga bila kumpata mtu. Wawili walitikisa vichwa kukubali. Wengine wakanitazama kama mtu anayehesabu nyota. Damari akasema, "Viganja, vivuli! Shavu liko begani au haliko?"

"Twendeni uani," nikasema.

Ningeweza kuwaonyesha kwa kamera, lakini wangesema mashine ndiyo inayodanganya. Nilitaka watumie macho yao wenyewe. Nikatafuta mahali pale pale penye miguu ya kamera, nikasimamisha mti wa uzio, nikaibana kadi yangu juu yake. Nikamwomba Mzee Yeremia, kwa adabu zote nilizofundishwa, asimame mlangoni pa jiko na asitikisike. Halafu nikamwambia Damari, "Shangazi, wewe uliona kwa macho yako, basi tusaidie. Simama hapa alipokuwa Enea." Akaja kwa majivuno. Nikachungulia, nikamsogeza hatua mbili. Kama nimekosea mahali, hata kwa hatua moja, Twilumba hana ndoa. "Haya, baba zangu. Mmoja mmoja. Fumbeni jicho moja."

Wa kwanza alichungulia muda mrefu. Alipoinuka akamsukuma wa pili kwa kiwiko. Wa pili alichungulia, mabega yakaanza kumtikisika. Wa tatu alishindwa kabisa, akacheka hadi akashika mti. "Jamani Yeremia," akaita, "toka begani kwa mama wa watu!" Mzee Yeremia, hatua saba kutoka kwa Damari, akajitazama miguuni kwa mshangao. Alipokuja kuchungulia mwenyewe, na mwingine amesimama mlangoni mahali pake, hakucheka. Alirudi kutazama ile picha, akaiweka kando ya kadi, akachungulia tena. Damari naye alitaka kuona. Aliona, akainuka, akajifunga khanga upya. "Kumbe," akasema, na hilo ndilo neno pekee tulilopata kwake.

Tuliporudi ndani Mzee Yeremia alisema hawakugusana, kwamba macho yanaweza kumsingizia mtu kama ulimi unavyoweza, na kwamba mke arudi kwake kesho. Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Wazee wangu, nashukuru. Nimesikia na nimeridhika. Lakini sisi tutakufa. Karatasi hizo hazifi. Vitukuu wa Twilumba wataiona, na huyu binti hatakuwepo na kadi yake yenye tundu."

Mzee Yeremia akazichukua zile picha tatu, akaenda nazo jikoni, na tukasikia harufu yake zikiungua. Akarudi akanitazama. "Na kioo?"

Nikasema kioo kinaweza kufungiwa mahali. Nikasema nitakitunza mimi, hakitachapwa kamwe. Naona haya kuandika kwamba nilibishana, lakini nilibishana. Ilikuwa picha pekee ya harusi ya rafiki yangu, nayo ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukifanya kwa mikono yangu, na katika miaka yote iliyofuata sikufanya nyingine ya kuifikia. Mama Twilumba akasema, "Mleteni binti kwangu, na kioo chake."

Chumba kilikuwa kidogo, kitanda cha kamba, dirisha moja la mbao lililofunguliwa. Alikuwa amekaa sakafuni. Nikamfungulia khanga, nikakishika kioo kwenye mwanga wa dirisha. Kwenye kioo mambo hugeuka, gauni jeupe huwa jeusi na nyuso nyeusi huwa nyeupe, kwa hiyo nilidhani hataelewa. "Huyu ndiye mwanangu?" akauliza. Nikasema ndiye. "Amependeza." Akainua kidole. "Na mimi ni yupi?" Nikamwonyesha. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake. Alisogeza uso hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, akaufuta kwa ncha ya kitambaa, akajitazama tena. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha akachukua jiwe dogo la kusagia lililokuwa kando ya kitanda, akaniwekea mkononi.

Nilikilaza kioo juu ya khanga na nikapiga. Nilihitaji kupiga mara mbili. Nje walikuwa wametulia wakisikiliza, na kioo kilipovunjika akina mama wakapiga vigelegele, Twilumba kwa sauti kuliko wote, na mtu akaanza wimbo. Mimi nilikaa sakafuni na vile vipande. Mama Twilumba akanishika mkono uliokuwa na jiwe, akaufungua kidole kimoja kimoja.

"Lia tu, mwanangu," akasema. "Hata mimi nilijipenda mle ndani."